Biashara huria duniani na faida yake kwa mlaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Habari za ushuru mpya, mikataba na mivutano ya kibiashara hazikauki, na karibu zote husimuliwa kwa upande wa serikali na viwanda. Anayelipa bei mwishoni hutajwa kwa nadra. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yake.

Kufungua biashara maana yake nini hasa?

Ni kupunguza au kuondoa vizuizi ambavyo serikali huweka kati ya muuzaji aliye nchi moja na mnunuzi aliye nchi nyingine. Kinachojulikana zaidi ni ushuru wa forodha. Vingine havionekani kirahisi: ukomo wa kiasi cha bidhaa kinachoruhusiwa kuingia, leseni za kuagiza wanazopewa watu wachache, ukaguzi unaorudiwa mara tatu kwa mzigo uleule, au viwango vya ubora vilivyoandikwa makusudi ili bidhaa ya nje isivifikie.

Haimaanishi kufuta kila sheria. Nchi yenye soko lililo wazi bado ina haki ya kuzuia dawa bandia, chakula chenye sumu au vifaa vya umeme visivyo salama. Tofauti ni kwamba masharti hayo humhusu kila muuzaji, wa ndani na wa nje.

Ushuru si hulipwa na nchi inayouza?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote katika mijadala ya biashara. Ushuru hulipwa na mwagizaji, kwa serikali ya nchi yake mwenyewe, kabla mzigo haujatoka bandarini. Baada ya hapo ndipo swali linakuja: nani anaubeba? Muuzaji wa nje anaweza kushusha bei ili asipoteze soko, mwagizaji anaweza kukubali faida ndogo, au mlaji analipa.

Mwaka 2018 Marekani ilipandisha ushuru kwa paneli za jua, mashine za kufulia, chuma, aluminiamu na maelfu ya bidhaa kutoka China. Wachumi walipozipitia takwimu za forodha za mwaka ule, waligundua kwamba kwa jumla wauzaji wa nje hawakushusha bei. Karibu mzigo wote ulibaki ndani ya Marekani, mikononi mwa waagizaji, viwanda vinavyotumia malighafi hizo, na wanunuzi.

Kwa nini mlaji hulipa zaidi ya kile ambacho serikali imekusanya kama ushuru?

Kwa sababu ushuru hutozwa mwanzoni mwa safari ya bidhaa, na kila kinachofuata huhesabiwa juu yake. Tuchukue mzigo wenye thamani ya 100 bandarini. Ushuru wa asilimia 25 unaufanya uwe 125. Msambazaji na muuza duka kwa pamoja wanaongeza asilimia 20 ili kulipia gharama zao na kupata faida. Sasa ni 150. Kisha inakuja kodi ya ongezeko la thamani, tuseme asilimia 20, na mlaji analipa 180.

Rudia hesabu hiyohiyo bila ushuru: 100, kisha 120, kisha 144. Tofauti ni 36, ingawa ushuru wenyewe ulikuwa 25. Katika zile 11 zilizozidi, 5 ni faida ya wafanyabiashara na 6 ni kodi iliyotozwa juu ya ushuru. Hakuna aliyeiba kitu hapo; ndivyo bei inavyojengwa. Ndiyo maana mimi husisitiza kwamba ushuru ni kodi ya mlaji, hata kama jina lake halionekani kwenye risiti.

Faida kwa mlaji ni bei nafuu tu?

Bei ndiyo ya kwanza, lakini haiko peke yake.

Angalia nguo. Kuanzia 1974 hadi mwisho wa 1994, biashara ya nguo na vitambaa iliongozwa na mpango ulioziruhusu nchi tajiri kuweka ukomo wa kiasi kinachoingia kutoka kila nchi maskini. Aliyekuwa hodari wa kushona shati kwa bei nafuu aliambiwa asiuze zaidi ya kiasi fulani. Mpango huo ulivunjwa hatua kwa hatua, na vikomo vya mwisho vikaondoka tarehe 1 Januari 2005. Tangu hapo shati hutoka kwa yule anayeweza kulitengeneza vizuri, badala ya kutoka kwa yule aliyebakiwa na nafasi kwenye mgawo.

Angalia pia vifaa vya elektroniki. Mwaka 1996, huko Singapore, washiriki 29 walikubaliana kuondoa ushuru kwenye kompyuta, vifaa vya simu, vipuri vyake na programu. Mwaka 2015 makubaliano hayo yalipanuliwa kwa bidhaa nyingine 201, zikiwemo mashine za uchunguzi wa hospitali. Simu iliyo mkononi mwako ina vipuri vilivyovuka mipaka mara nyingi kabla ya kuunganishwa. Kila mpaka ungedai ushuru wake, bei yake ingekuwa nyingine kabisa.

Huduma nazo zimo. Mwaka 1997 serikali 69 zilikubaliana kufungua sekta ya mawasiliano kwa ushindani. Kabla ya hapo, katika nchi nyingi kampuni moja, aghalabu ya serikali, ndiyo iliyoamua nani apate laini na lini. Foleni za miaka za kusubiri simu hazikuondolewa na teknolojia peke yake. Ziliondolewa pia na kuruhusiwa kwa mshindani.

Na kuna faida ambayo hakuna takwimu inayoikamata vizuri: uwezo wa kukataa. Mnunuzi mwenye wauzaji watano humwambia yule mbovu kwaheri. Mwenye muuzaji mmoja hupokea anachopewa.

Nani ananufaika zaidi, tajiri au maskini?

Kwa upande wa matumizi, maskini. Utafiti wa wachumi Pablo Fajgelbaum na Amit Khandelwal, uliochapishwa 2016 na kuhusisha nchi 40, ulikadiria kwamba nchi ya kawaida ikifunga kabisa biashara na dunia, watu wa kipato cha chini wangepoteza asilimia 63 ya uwezo wao wa kununua, na wa kipato cha juu asilimia 28. Sababu ni kwamba mtu wa kipato kidogo hutumia sehemu kubwa ya fedha zake kwa chakula, nguo na vyombo, vitu vinavyovuka mipaka sana. Tajiri hutumia zaidi kwa huduma zinazotolewa palepale alipo.

Ushuru wenyewe nao mara nyingi huelemea upande mmoja. Katika jedwali la ushuru la Marekani kwa miaka mingi, baadhi ya viatu rahisi kabisa vya turubai na mpira vimetozwa asilimia 48, huku viatu vingi vya ngozi vya kuvaa ofisini vikitozwa chini ya asilimia 10. Hakuna mbunge ambaye angethubutu kusimama kupendekeza kodi ya namna hiyo waziwazi. Ikiwa ndani ya jedwali la forodha, inapita.

Lakini ushuru hulinda ajira, sivyo?

Hulinda baadhi, kwa gharama ambayo mara nyingi haitajwi. Mfano uliochunguzwa kwa karibu kabisa ni ule wa mashine za kufulia. Marekani iliweka ushuru maalumu juu yake mwanzoni mwa 2018. Bei ya mashine za kufulia ikapanda kwa takriban asilimia 12. Bei ya mashine za kukaushia nayo ikapanda kwa kiwango hichohicho, ingawa hazikuwa na ushuru huo mpya: watu huzinunua mbili pamoja, hivyo wauzaji waligawa ongezeko. Mashine zilizotengenezwa ndani, ambazo hazikupita forodha hata kidogo, zilipanda vilevile, kwa kuwa mshindani wao alikuwa amefungwa mikono.

Ajira mpya zilizohesabiwa zilikuwa karibu 1,800. Gharama kwa walaji ilikadiriwa kuwa dola bilioni 1.5 kwa mwaka. Gawanya, hata baada ya kutoa mapato ya ushuru yaliyoingia serikalini, na kila ajira iligharimu zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka. Sina neno baya kwa hao 1,800. Kazi ni heshima ya mtu. Lakini kwa fedha hizo wangeweza kulipwa mshahara mara kadhaa, na zikabaki.

Mbona basi serikali huendelea kuweka ushuru?

Mwamba ngoma huvutia kwake. Kiwanda kinacholindwa kinajua kwa hakika kinachopata, kina wakili na kina nambari ya simu ya waziri. Walaji milioni kumi waliopoteza kiasi kidogo kila mmoja hawajuani, na wengi hawajui kwamba wamepoteza.

Je, hakuna wanaoumia biashara inapofunguliwa?

Wapo, na kuwaficha kumeiharibia biashara huria jina kuliko hoja yoyote ya wapinzani wake. China ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani, WTO, mwezi Desemba 2001, bidhaa zake zilienea kwa kasi. Utafiti wa David Autor, David Dorn na Gordon Hanson wa 2013 ulionyesha kwamba maeneo ya Marekani yaliyokuwa yakitengeneza bidhaa zilezile yalipoteza ajira nyingi, na watu hawakuhamia kazi nyingine haraka kama vitabu vya uchumi vilivyoahidi. Miji ilidhoofika kwa miaka.

Faida huenea kwa wengi kidogo kidogo. Hasara huangukia mtaa mmoja kwa mkupuo. Serikali inayofungua soko bila kuandaa mafunzo, fidia na kipindi cha mpito inawaachia watu hao walipe gharama ya nafuu ya wengine. Naona hilo ni dhuluma, na pia ni siasa mbovu, kwa sababu waliotupwa ndio baadaye hupigia kura kila ukuta unaopendekezwa. Mlaji na mfanyakazi ni mtu yuleyule, asubuhi kiwandani na jioni dukani.

Ushuru umeondolewa, mbona bei haikushuka?

Swali hili ni zuri kuliko yote, na wanaopigia debe biashara huria hulikwepa.

Sababu ya kwanza ni ushindani ndani ya nchi. Kama bidhaa huagizwa na kampuni mbili zinazoelewana, ushuru ukifutwa zinabaki na bei ileile na kuweka tofauti mfukoni. Fedha imetoka hazina ya serikali ikaenda kwa mwagizaji, mlaji hakuguswa. Kwa hiyo mamlaka ya ushindani yenye meno ni nusu ya sera ya biashara, hata kama haipo kwenye mkataba wowote wa kimataifa.

Ya pili ni gharama zisizo za ushuru. Kontena linaweza kutozwa ushuru sifuri na bado likakaa bandarini wiki mbili likisubiri saini. Kila siku kuna ada ya kuhifadhi, ada ya kuchelewesha kontena la watu, riba ya mkopo ulionunulia mzigo. Zote huingia kwenye bei. Mkataba wa WTO wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika Februari 2017, unashughulikia mambo haya yasiyo na mvuto kwa magazeti: nyaraka kutumwa kabla meli haijafika, ada kutangazwa hadharani, mizigo inayoharibika kupewa kipaumbele. WTO ilikadiria kwamba ukitekelezwa kikamilifu ungepunguza gharama za biashara kwa wastani wa asilimia 14.3. Kwa nchi nyingi, hiyo ni nafuu kubwa kuliko punguzo lolote la ushuru lililobaki.

Ya tatu ni thamani ya sarafu. Ushuru ukishuka kwa asilimia 10 mwaka ambao sarafu ya nchi imeanguka kwa asilimia 15, bei itapanda, na watu watasema mkataba ulikuwa uongo.

Bidhaa duni hazitafurika?

Ubora unasimamiwa na sheria za ubora. Ushuru hauna kipimo cha sumu. Bidhaa hatari iliyolipiwa asilimia 50 bado ni hatari. Kanuni za WTO za usalama wa chakula na afya ya mimea na wanyama, zilizoanza 1995, zinairuhusu kila nchi kuweka kiwango cha juu inachotaka, mradi kiwe na msingi wa kisayansi. Wengi hutumia Codex Alimentarius, mkusanyo wa viwango vya chakula vya kimataifa, ambavyo mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) yamevisimamia tangu 1963. Kinachohitajika ni maabara na wakaguzi.

Chakula je? Si kila nchi ijilishe yenyewe?

Kujitosheleza kunavutia hadi mvua inapokosekana. Nchi inayotegemea shamba lake tu inategemea hali moja ya hewa. Inayonunua kwa wengi imegawanya hatari.

Hata hivyo hofu ina sababu, na sababu hiyo ni wauzaji wanaofunga mlango wakati wa shida. Mwaka 2007 na 2008 India, Vietnam na wengine walipozuia kuuza mchele nje, bei ya dunia ilipanda takriban mara tatu kwa miezi michache, ingawa mavuno ya dunia hayakuwa yameporomoka. Mwaka 2020, janga la korona lilipoanza, nchi na maeneo ya forodha yapatayo 80 yaliwekea mipaka uuzaji wa vifaa tiba na bidhaa nyingine nje. Sheria za sasa ni kali kwa anayezuia kuingiza na legevu kwa anayezuia kutoa. Hapo pana pengo ambalo mlaji wa nchi inayonunua chakula ana kila sababu ya kulipigia kelele.

Hatua moja kubwa ilifikiwa Nairobi mwaka 2015, wanachama wa WTO walipokubaliana kufuta ruzuku za kuuza mazao ya kilimo nje. Ruzuku nyingine za kilimo bado zipo, na mazungumzo juu yake hayasogei.

WTO bado ina kazi?

Ina kazi, lakini inachechemea. Mfumo ulianza na GATT, mkataba wa jumla wa ushuru na biashara wa 1947 uliotiwa saini na nchi 23, baada ya dunia kuona jinsi nchi zilivyofungiana masoko miaka ya 1930. Duru ya mazungumzo ya Uruguay, iliyokamilika Marrakesh mwaka 1994, ikaleta WTO tarehe 1 Januari 1995. Sasa ina wanachama 166. Komoro na Timor-Leste ndio walioingia mwisho, Agosti 2024.

Duru ya Doha iliyoanza 2001 haikufika mwisho, kwa kuwa maamuzi yanahitaji kila mwanachama akubali. Chombo cha Rufaa, kilichokuwa neno la mwisho katika migogoro, kimekosa majaji wa kutosha tangu Desemba 2019 kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wao. Anayeshindwa kesi sasa anaweza kukata rufaa mahali pasipo na mtu wa kuisikiliza. Kundi la wanachama, wakiwemo Umoja wa Ulaya na China, liliunda utaratibu wao wa rufaa mwaka 2020, lakini ni wa hiari.

Mikataba ya kikanda inaweza kuziba pengo?

Kwa sehemu. Mkataba wa RCEP wa nchi 15 za Asia na Pasifiki ulianza Januari 2022. Uingereza ilijiunga na CPTPP, mkataba wa biashara wa nchi za ukingo wa Pasifiki, Desemba 2024. Eneo Huru la Biashara la Afrika, lililosainiwa Kigali Machi 2018, linalenga kuondoa ushuru kwa asilimia 90 ya aina za bidhaa.

Tatizo ni kanuni za uasili. Ili bidhaa ipate ushuru nafuu lazima ithibitishwe kwamba imetengenezwa ndani ya kundi, na kila kundi lina hesabu yake: hapa asilimia kadhaa ya thamani, pale hatua fulani ya kiwandani. Kampuni kubwa ina idara ya kujaza fomu hizo. Fundi mdogo huona heri alipe ushuru kamili kuliko kuhangaika, na mlaji hulipa vilevile.

Dunia inarudi nyuma?

Upande mmoja, ndiyo. Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa msingi wa asilimia 10 kwa karibu nchi zote na viwango vya juu zaidi kwa makumi ya nchi, na tangu hapo viwango vimebadilishwa tena na tena. Kubadilika huko kunaumiza kama ushuru wenyewe. Mwagizaji asiyejua atatozwa nini meli ikifika hujilinda kwa kupandisha bei mapema.

Lakini hata mwaka huo karibu robo tatu ya biashara ya bidhaa duniani iliendelea kwa masharti ya kawaida ya WTO. Nchi nyingi hazikulipiza. Zilitafuta masoko mengine na kuharakisha mikataba iliyokuwa imelala. Naona miaka ijayo italeta makubaliano madogo ya walio tayari, jambo moja moja, badala ya duru moja ya dunia nzima. Mkataba wa ruzuku za uvuvi ulipitishwa 2022 na kuanza kutumika Septemba 2025: ni mwembamba, lakini umepatikana.

Ununuzi wa mtandaoni na mazingira vitabadili nini?

Mengi. Mwaka 1998 wanachama wa WTO walikubaliana kutotoza ushuru kwa vitu vinavyopita kielektroniki, kama programu na filamu, kisha wakawa wakirefusha ahadi hiyo kwa vipindi. Serikali zinazohitaji mapato zimechoka nayo. Vifurushi vidogo pia vinabanwa: Marekani ilifuta Agosti 2025 msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800.

Kwa mazingira, Umoja wa Ulaya umeanza Januari 2026 kutoza gharama ya kaboni, yaani hewa ya ukaa inayotoka wakati wa kuzalisha, kwa chuma, saruji, aluminiamu, mbolea na bidhaa nyingine chache zinazoingia. Lengo ni halali. Hatari ni kwamba vipimo vikiwa vigumu mno kwa wazalishaji wadogo, vitageuka ukuta wa kawaida wenye rangi ya kijani.

Nitajuaje ushuru wa bidhaa ninayonunua?

Tafuta namba yake. Bidhaa zote zimepangwa katika mfumo wa Shirika la Forodha Duniani unaotumika tangu 1988, na tarakimu sita za mwanzo ni zilezile karibu kila nchi. Ukishaijua, fungua jedwali la ushuru la nchi yako, ambalo ni waraka wa umma, usome safu tatu: kiwango cha kawaida, kiwango cha wenye mkataba, na tozo za ziada zilizoandikwa pembeni. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ya kusomwa polepole, maana mara nyingi kilichopunguzwa kama ushuru hurudishwa humo kwa jina la ada ya reli, ya ukaguzi au ya maendeleo.